Taa Imezimika, Waya Uko Hai

Hotuba ya fundi umeme kwa wenye nyumba na wapangaji, Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, nanyi vijana mliokalia ukuta pale mbali kana kwamba mnapita tu. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na wote wanaostahili shikamoo yangu, shikamooni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie swichi za taa, na amenionya nisiguse habari ya bei ya yuniti, maana tutakesha hapa. Nitamtii.

Niseme mapema nilichokuja kukisema, ili hata atakayeondoka kuwahi swala awe amekipata. Taa ikizimika, umejua kitu kimoja tu: taa haiwaki. Hujajua kama waya una umeme au hauna. Hujajua kama swichi ndiyo mbovu. Hujajua hata kama balbu yenyewe ni nzima. Ajali nyingi za swichi ninazozijua, na fedha nyingi zinazoishia dukani kwa swichi ambazo hazikuhitajika, zimetokana na mtu kuona giza kisha akajijazia mengine yote kichwani mwake.

Basi tuijue njia kwanza. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Unakuja kwa waya wa moto, sisi mafundi tunauita laivu, unapita kwenye taa, halafu unarudi kwa nyutro. Waya wa tatu ni ethi, huo siku zote unangoja hitilafu. Nyumba ikiwa salama hauna kazi. Swichi ya taa inawekwa kwenye laivu peke yake. Inaikata njia ya kwenda, si ya kurudi. Kwa hiyo ukifungua swichi ya kawaida, ya taa moja, ukakuta nyaya mbili, usijiambie kwamba huu ni laivu na ule nyutro. Zote mbili ni za njia ya moto: mmoja unauleta umeme kwenye swichi, mwingine unautoa kuupeleka kwenye taa. Nyutro imepita zake juu darini mpaka kwenye holda, pale ukutani haifiki kabisa.

Nalikazia hili kwa sababu ndilo kosa la vijana wenye bisibisi na ari. Anafungua swichi, anaona mwekundu na mweusi, anasema hapa pana laivu na nyutro. Kesho anafunga swichi mpya chumba kingine, anakwenda kuitafuta nyutro darini, anaishusha mpaka kwenye swichi na kuifunga upande wa pili wa laivu. Anabonyeza. Kinachofuata ni mlio, cheche na breka kuanguka, kama breka ipo. Hiyo si swichi mbovu. Laivu na nyutro zimekutanishwa uso kwa uso pasipo taa katikati, na ile swichi ameifanya kuwa kitufe cha kupigia shoti.

Ule mweusi aliouona mwanzo ulitoka wapi? Fundi aliyefunga nyumba alikuwa na mabaki ya waya mweusi, akautumia kurudisha moto kutoka kwenye swichi kwenda kwenye taa. Alitakiwa kuuzungushia tepu nyekundu kwenye ncha ili anayekuja nyuma ajue. Hakuzungusha. Tunaishi na kazi za watu waliokwishaondoka.

Na rangi zenyewe zimetuchanganya. Nyumba nyingi za barabara hizi zetu zilifungwa kwa rangi za zamani za Kiingereza: mwekundu moto, mweusi nyutro, kijani ethi. Waingereza wenyewe wakaziacha kuanzia 2004, wakahamia kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Nyaya za rangi hizo ndizo zilizojaa madukani sasa. Matokeo yake nyumba ya marehemu babu ina nyekundu na nyeusi, na vyumba viwili alivyoongeza mjukuu uani vina kahawia na buluu, na mahali fulani juu ya dari rangi hizo mbili zimeungana. Mwekundu hukutana na kahawia, mweusi hukutana na buluu. Lakini wenye mashine za kusaga na gereji hapa wanisikilize: kwenye umeme wa fezi tatu wa rangi za zamani, buluu ilikuwa moto kamili. Mtu aliyejifunza juzi kwamba buluu ni nyutro akiikamata ile, hatapata nafasi ya kujifunza mara ya pili. Rangi ni maneno ya fundi aliyetangulia. Hata kama alikuwa mkweli, pima.

Sasa taa yako haiwaki. Unaanzia wapi?

Anzia na macho na mdomo. Jirani ana umeme? Mita ya LUKU ina yuniti? Kuna watu wamewahi kuita fundi, fundi akabonyeza mita akakuta sifuri, akadai nauli, na haki anayo. Kama soketi zinafanya kazi ila taa zote za nyumba zimezimika, tazama breka ya taa kwenye boksi la umeme. Mara nyingi ni ile iliyoandikwa 6 au 10. Kama imeanguka, irudishe mara moja. Ikianguka tena papo hapo usiibishie, kuna kitu inakionya. Kama ni taa moja tu, toa balbu inayowaka chumba kingine uijaribu pale. Hicho ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na ndicho ambacho watu hukiruka. Kwa balbu zile za pini mbili, tazama pia holda: zile pini za ndani zina springi, na joto la miaka huzichosha zikazama zisiguse tena balbu. Utanunua swichi tatu na taa haitawaka, kwa sababu ugonjwa uko juu, nawe unatibu ukutani.

Balbu nzima, holda nzima. Hapo ndipo tunafungua swichi, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kuzima swichi si kuzima umeme. Nimekwisha kuwaambia kuwa waya unaoleta moto unafika kwenye swichi. Umezima swichi, taa imezimika, umefungua skrubu mbili: ule waya bado una volti 230 unakutazama. Lazima uzime kwenye breka ya njia ile, na kama nyumba yako haina breka za kugawa, ina meni swichi moja tu, basi zima hiyo, wapangaji wote wakae gizani robo saa. Wataguna, waache wagune. Muweke mtu unayemwamini asimame pale kwenye meni. Nyumba ya wapangaji sita ina mikono mingi, na daima yuko mmoja ambaye chaji ya simu yake imefika asilimia mbili, atakuja kuiwasha bila kuuliza.

Kuna desturi nyingine ninayoiona sana na ningependa ife. Umeme umekatika mtaa mzima, na mtu anasema, aha, hii ndiyo nafasi ya kutengeneza ile swichi. Hagusi meni. TANESCO hawatakupigia simu kukuuliza kama umemaliza. Umeme utarudi wakati vidole vyako vimeshika shaba. Ni hivyo hivyo yuniti zinapokwisha: mwenye nyumba yuko Korogwe, amenunua umeme kwa simu, amemtumia mtoto zile tarakimu ishirini, na mtoto ameshaziingiza kabla hujashuka kwenye kiti. Na wale wenye betri na inveta ya sola wana vyanzo viwili. Kuzima kimoja ni kuzima nusu. Mgao, yuniti kuisha, giza la mtaa, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuhakikishia kwamba waya hauna umeme.

Ukishazima, pima. Na hapa lazima niiseme testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ambayo kila nyumba inayo. Inafanya kazi hivi: umeme unapita kwenye ncha, unapita kwenye kizuizi cha kiasi cha ohm milioni moja, unawasha kitaa, halafu unapita mwilini mwako kwenda chini. Wewe ni sehemu ya kipimo. Kinachokupitia ni kidogo mno, kama robo ya miliampea, ndiyo maana husikii kitu. Lakini fikiria sasa umevaa viatu vya mpira, umesimama juu ya kiti cha plastiki, ni mchana na jua linapiga dirishani. Kitaa kinaweza kuwaka kwa udhaifu usikione, na ukasema waya hauna kitu. Upande wa pili, testa inaweza kuwaka kwenye waya ambao umekatwa kweli ila umelala kwenye paipu moja na waya wenye moto, ukaazima dalili za jirani yake. Kwa hiyo testa ikiwaka, amini kwamba kuna hatari. Isipowaka, usiamini chochote.

Mnunue mita, wenye nyumba. Ile ndogo ya kawaida, yenye kupima volti na kupiga mlio njia ikiwa haijakatika. Kabla ya kupima swichi, ipime kwanza mahali unapojua pana umeme, uone inasoma. Pima swichi: moto na nyutro kama ipo, moto na ethi. Kisha rudi tena pale penye umeme uone kama mita bado inasoma, maana mita nayo betri hufa, waya wake hukatika. Mara tatu. Wanaokuja kujifunza kwangu wanaona ni usumbufu. Nawaambia wasumbuke.

Baada ya hapo swichi ni kitu chepesi. Toa waya mmoja, weka mita kwenye mlio, gusa miguu yote miwili ya swichi, yaani pale nyaya zinapobanwa. Bonyeza kuwasha, mita ilie. Bonyeza kuzima, inyamaze. Inayolia kote kuwili imeungana ndani. Isiyolia kabisa imekatika. Inayolia kwa kukwaruza imechoka. Hizo zote tupa, usizifungue kuzisugua kwa msasa. Na sikiliza ule mlio wa kitufe chenyewe. Ule mkato wa haraka una sababu: umeme ukikatwa polepole hutoa cheche ndefu kati ya shaba mbili na kuzila. Mwingereza mmoja wa Newcastle, John Henry Holmes, ndiye mwaka 1884 aliyetengeneza swichi ya springi inayokata kwa ghafla, na swichi zetu hizi ni wajukuu wa ile. Swichi ambayo kitufe kinakwenda kilaini kama kimepakwa siagi, kinaweza kusimama katikati, springi yake imekwisha hata kama taa bado inawaka.

Lakini niwaambie ukweli wa kazi: mara nyingi ninapofungua, swichi yenyewe ni nzima. Kibovu ni skrubu.

Waya usiobanwa vizuri hugusa na kuachia. Pale unapogusa kwa shida ndipo joto linapozaliwa, na joto linailegeza skrubu zaidi, na ulegevu unaongeza joto. Taa inapepesa, swichi inanong'ona kama kuna mdudu ndani, kifuniko kinakuwa na doa la rangi ya chai, kisha unasikia harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua bila kujua inakotoka. Breka haitaanguka. Breka inatazama umeme mwingi kupita kiasi, na hapa umeme ni ule ule wa taa moja au mbili. Swichi inaweza kujichoma taratibu huku breka ikiwa imetulia kabisa. Ndiyo maana nasema gusa vifuniko vya swichi zako kwa kiganja kikavu jioni taa zikiwa zimewaka. Swichi ya taa ya kawaida haitakiwi kuwa na joto la kusikika.

Na sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui wa ziada. Hewa ya chumvi inaingia ndani ya boksi, shaba inapata ukungu wa kijani, na ule ukungu haupitishi umeme vizuri. Nyumba zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinanyonya maji masika yote. Boksi la chuma lililozikwa mle linakula kutu mpaka mashikio ya skrubu yanameguka. Ukikuta hivyo usikaze tu skrubu juu ya uchafu. Kata ile ncha iliyoungua au kuwa kijani, menya waya mpaka uone shaba inayong'aa, na kama waya ni mmoja mwembamba, wa milimita 1.5 za mraba, ukunje ncha mara mbili ili ujaze tundu. Kaza, kisha uvute kwa nguvu ya kawaida. Ukitoka, haukuwa umebanwa. Angalia pia usije ukabana ganda la waya badala ya shaba yake. Kwa nje inaonekana kazi safi, kumbe umebana plastiki.

Wakati umelimenya lile ganda, kwangua shaba kwa kisu kidogo. Ikitoka nyeupe ndani, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Mwenye duka atakwambia ni waya ule ule. Si ule ule: unapitisha umeme vibaya zaidi, unakatika upesi ukikunjwa, na skrubu inalegea yenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Tafuta alama ya TBS, na pima uzito wa roli mkononi. Shaba ni nzito.

Wadudu nao. Sisimizi wanapenda kuhamia ndani ya boksi la swichi, wanajaza mchanga na mizoga yao katikati ya shaba zinazotakiwa kugusana, na taa inakataa kuwaka. Mjusi anaingia kwa kufuata hao sisimizi, anataga humo, na siku moja anagusa ncha mbili kwa pamoja. Dawa si kumwagia dawa ya kupulizia ndani ya swichi yenye umeme, mama zangu, nawaomba sana, ile inashika moto. Zima, safisha kwa brashi kavu, ziba lile tundu la paipu juu ya boksi ambalo fundi aliliacha wazi, na funga kifuniko kinachokaa sawasawa na ukuta.

Sasa nije kwenye taa ya ukumbini, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi. Nyumba zetu zinafanana: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, mlango wa kutokea uani. Taa moja ukumbini, swichi mbele na swichi nyuma, ili anayerudi usiku awashe huku na kuzimia kule. Hizo ni swichi za njia mbili, tuwei kwa lugha yetu, na kila moja ina miguu mitatu: mmoja umeandikwa COM, miwili mingine L1 na L2. Moto unaingia kwenye COM ya swichi ya kwanza. L1 na L2 za swichi zote mbili zinaunganishwa kwa nyaya mbili zinazosafiri kati yao. COM ya swichi ya pili inakwenda kwenye taa.

Malalamiko ninayoyasikia ni haya: ya mbele haifanyi kazi mpaka ya uani iwe imebonyezwa upande fulani. Wapangaji wanagombana, huyu anamwambia yule usiiguse ya uani. Wengine wamebandika karatasi. Nikisikia hivyo siulizi kingine ila hiki: nani alibadilisha swichi mara ya mwisho? Maana karibu kila mara mtu alitoa swichi ya zamani, akafunga mpya, akapanga nyaya kwa kutazama zilikokaa, wa juu akaurudisha juu, wa chini kushoto akaurudisha chini kushoto. Na watengenezaji hawakukubaliana COM ikae wapi. Kuna swichi ina COM juu peke yake, kuna nyingine iko ubavuni. Waya wa taa ukiwa umefungwa kwenye L1 badala ya COM, swichi ile ikigeuzwa upande mmoja inaunganisha nyaya mbili za safari zenyewe kwa zenyewe, taa imeachwa nje, na ubonyeze ya mbele hadi asubuhi hutapata kitu. Swichi zote mbili ni mpya na nzima. Waya mmoja uko kwenye mguu usio wake.

Kuzuia ni rahisi: kabla hujatoa chochote piga picha kwa simu, na waya ulio kwenye COM uzungushie tepu. Fuata maandishi, usifuate mahali. Kama umeshachelewa, nyaya tatu zinaning'inia na hakuna anayekumbuka, fanya hivi. Meni imezimwa, umepima, balbu umeitoa. Kwenye swichi ya mbele, toa L1 na L2 uziunganishe zenyewe kwa muda. Nenda uani na mita. Kati ya nyaya tatu, mbili zitakazolia zikiguswa pamoja ndizo za safari. Iliyobaki peke yake ndiyo ya COM. Rudi mbele, tenganisha, funga kila moja mahali pake. Kazi imekwisha, na karatasi mnaweza kuibandua.

Ila taa hiyo hiyo ya ukumbini ina siri mbaya zaidi siku hizi, tangu wenye nyumba walipoanza kuwawekea wapangaji mita zao. Taa ya ukumbi ailipie nani? Basi fundi akachukua moto kutoka upande wa chumba cha kwanza, na kwa kuwa nyutro ya jirani ilikuwa karibu, akaiazima. Taa inawaka, hakuna anayejua. Mwaka mwingine mtu anazima breka ya chumba chake, anafungua maungio ya nyutro darini akiamini ni salama, na kumbe nyutro ile imebeba umeme wa upande mwingine. Akiikata, upande mmoja wake unapanda hadi volti za kupiga. Nyutro ya kuazima haiachwi. Ukiigundua, moto na nyutro zirudishwe kwenye chanzo kimoja, hata kama ni kazi ya siku nzima.

Kuna na lile la taa za LED kuwaka kwa uhafifu usiku mkiwa mmezima. Wapo walioniambia ni mashetani. Tunaishi Tanga, siwezi kuwazuia watu kusema. [Kicheko.] Lakini kwanza itazame swichi: kama ina kile kitaa chekundu cha kuonyesha mahali ilipo gizani, umeme kidogo wa kukiwasha unapita kwenye LED, na LED inatosheka na kidogo. Au waya wa taa umesafiri mbali ukiwa umelala na waya wenye moto, ukapokea chembe. Hayo mawili hayana madhara makubwa. La tatu ndilo linalonifanya nisilale: swichi imefungwa kwenye nyutro. Taa inazimika kama kawaida, ila moto uko juu kwenye holda saa zote. Ni sawa na mtu aliyefunga komeo mlango wa uani na wa mbele akauacha wazi, kisha akalala akijiona amefunga nyumba. Mtu anapanda kubadilisha balbu, swichi iko chini imezimwa, kidole kinagusa holda. Kwa balbu za kuzungusha ni hatari zaidi, maana ile duara ya chuma anayoweza kuigusa inatakiwa iwe upande wa nyutro, na hapa yote ina moto. Kama taa yako inang'aa kidogo ikiwa imezimwa na swichi haina kitaa, mwite fundi apime. Usingoje.

Mtaniuliza, si breka itaanguka nikipigwa shoti? Haitaanguka. Breka ya ampea 10 inalinda waya usiungue. Umeme unaoweza kuusimamisha moyo wa mtu hauifikii hata kidogo. Kifaa kinachomwona mtu ni kile cha kulinganisha umeme uliokwenda na uliorudi, chenye kitufe cha majaribio, kinachokata pakipotea miliampea 30. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia tatu ya zile ampea 10. Nyumba nyingi hapa hazina. Mwenye nyumba anayejadiliana na fundi kuhusu urembo wa vifuniko vya swichi aanze na hicho. Na aliyenacho abonyeze kile kitufe mara kwa mara. Kisipokata, ni pambo.

Mwisho ni habari ya mafundi, na hapa nitawaudhi wenzangu. Vishoka, wale mafundi wasio na leseni, wapo, mnawajua, na mnawaita kwa sababu wanakuja upesi na bei yao ni ya chai. Kwa Bara, fundi wa kufunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muombe akuonyeshe, asiyenayo atakasirika, mwenye nayo atafurahi kuulizwa. Halafu mtazame anavyoanza. Akifika akazima meni na kupima, mwache afanye kazi. Akifika akachomoa bisibisi na kufungua swichi huku taa ya jirani inawaka, mlipe nauli arudi. Na akikwambia swichi mbovu, mwambie akuonyeshe kwenye mita. Ile ya zamani akuachie, usimruhusu aondoke nayo.

Mezani hapa nimeweka swichi za njia moja na njia mbili, pamoja na moja iliyoungua mguu wa COM, na holda mbili. Mita ziko mbili, mtapokezana. Vijana wa ukutani, njooni karibu sasa. Maswali ninayapokea, tuanze na mama yule wa kitenge cha kijani, amenyoosha mkono tangu niliposema habari za mijusi.